Nyota ya Wendy

Maiti ya Mwalimu Abigael ilikutwa asubuhi nyuma ya nyumba yake huko Chawia, kifudifudi, kando ya kiti cha plastiki. Kisogo kilikuwa kimepasuka.

Inspekta Khalayi, aliyepanda kutoka Voi pamoja na Konstebo Opiyo, aliinama.

"Pigo moja. Kitu kizito."

"Simu ipo, afande. Hakuna kilichoibwa."

Chini ya maiti palikuwa na daftari. Kwa miezi mitatu mwalimu aliandika, kila jioni, saa ambayo ile nuru iliyowatisha wanakijiji ilizama nyuma ya mlima. Wengine waliiita pepo, wengine ndege ya majasusi. Yeye aliandika: *Zuhura. Sayari tu.* Mstari wa mwisho ulikuwa wa jana: *Leo haikuonekana. Namwona Baba Wendy akija.*

"Baba Wendy ni nani?"

"Onesmus, wa lile shamba la chini," alijibu Mkamburi, jirani aliyeikuta maiti. "Bintiye aligongwa na lori barabara ya Taveta, mwaka jana."

Walimkuta Onesmus ameketi mlangoni. Jembe lake lilikuwa limeoshwa, lakini damu ilibaki pale mpini unapoingia kwenye chuma.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kwa mwalimu."

"Ulimfanya nini?"

"Nilimuua."

Khalayi alimsomea haki zake. "Bado unataka kusema?"

"Wiki moja baada ya kumzika Wendy, nuru ile ilitokea. Kila jioni nilikaa nayo. Namwambia Wendy kwamba mbuzi amezaa, mamake amerudi kwao. Mwalimu akasema ni sayari, na mwezi wa tatu itaondoka. Ikaondoka."

"Ukaona yeye ndiye ameifukuza?"

"Hapana. Niliona amesema kweli. Nilikuwa natoka shamba, jembe begani."

Khalayi alifungua ukurasa uliofuata wa daftari. Mwalimu alikuwa amepiga mistari mipya ya wiki ijayo: *Mashariki, saa kumi na moja alfajiri.*

"Alikuambia kwamba inarudi? Kabla jua halijachomoza, upande wa pili?"

Onesmus alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Aliniambia, 'Baba Wendy, ngoja nikueleze.' Sikungoja."

Opiyo alimtia pingu. Njiani kuelekea gari mzee alisimama.

"Madam, huko seli kuna dirisha?"

"Hakuna," Khalayi alisema.