Mzizi wa Mvinje

Fusi alikuwa anamenya magimbi nyuma ya nyumba, kijijini kwao katika kisiwa cha Tongatapu, aliposikia harufu ya udongo wa kaburi. Akanusa magimbi, akanusa mikono yake. Wapi! Harufu ilitoka ndani ya kichwa chake mwenyewe, na mara yakafuata maumivu, jicho la kushoto, kama kawaida yake tangu mvua zianze.

Zahanati walishamwambia kwamba vijana wa rika lake wanaoumwa kichwa ni wengi tu, ameze vidonge alale. Alimeza, akalala. Lakini kila maumivu yalipoondoka, jicho lile lilibaki na giza zaidi.

"Kaka, nakuona nusu," Fusi alimnong'oneza kaka yake, Manase.

"Afadhali. Nusu nyingine mbaya," Manase akatania.

Mama yao akamwita Bibi Kalolaine, mganga. Bibi akamshika Fusi kichwa, akauliza jambo moja: "Nani kapanda mti kwenye kaburi la babu yenu?"

Manase akainama. Mvinje ule aliupanda yeye, babu apate kivuli.

"Basi mzizi umemwingia babu jichoni, na maumivu yake yanatokea kwa mjukuu. Tufukue. Mzizi utoke mzima. Ukikatwa, mtajuta."

Wakafukua mchana kweupe, na kweli, Mungu wangu, mzizi ulikuwa umezama kwenye tundu la jicho la kushoto la fuvu, na kila Bibi alipouvuta, Fusi, aliyekaa kwenye mkeka kando ya kaburi, alipiga ukelele, kucha zikimchimba uso, mama akilia mwacheni mwanangu, na ndani ya fuvu kitu kikikwaruza, kikikwaruza, mpaka Manase akashindwa kuvumilia, akanyakua panga, akaukata.

Fusi akanyamaza.

"Naona," akasema. "Jamani, naona vizuri!"

Wakakumbatiana. Bibi Kalolaine peke yake hakucheka. Alilitikisa fuvu, akachungulia ndani.

"Kipande kilichobaki hakimo," akasema kwa sauti ya chini.

Nani alimsikiliza? Wakaosha mifupa kwa mafuta ya nazi, wakaizika upya, wakaenda kula.

Asubuhi Fusi akamwita kaka yake jikoni. "Kuna uzi jichoni. Hebu nitolee."

Manase akaushika pembeni mwa jicho la kushoto. Ulikuwa mweupe, mbichi, mgumu. Harufu ya udongo ikajaa jikoni. Akavuta kidogo tu.

Kinywa cha Fusi kikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya babu.

"Polepole, mjukuu wangu. Leo usikate."