Kahawa ya Wandera

Siku Nyawira alipokutana na Wandera, mashine ya kuchapisha picha ilikuwa imegoma na duka alikofanya kazi, pale karibu na soko la Nyeri, limejaa watu wenye hasira. Mashine ilitaka wino wa kampuni iliyoiunda, si mwingine, na wino huo ulikuwa bado Nairobi. Katikati ya kelele akaingia jamaa mrefu, koti la kijivu, kamera ya zamani shingoni, akiuliza kama wanauza filmu. Filmu, jamani! Nyawira alicheka mpaka akashika meza. Jamaa akampiga picha hivyo hivyo.

"Nionyeshe," Nyawira akasema.

"Bado haijazaliwa, mrembo. Ngoja."

Basi akangoja. Mapenzi yakaanza, simu asubuhi, simu jioni, matembezi baada ya kanisa, ila picha hakuna. Kila akiuliza, Wandera hubadilisha mazungumzo. Nyawira alipompeleka nyumbani kwao Gakindu, mama yake akamwandalia kahawa ya shamba lao wenyewe, naye akakataa kwa adabu, ati humletea kiungulia. Mama alinuna. Nyawira alimtetea.

Halafu Jumamosi, akipita supamaketi, akamwona mtu huyo huyo kwenye foleni na makopo ya kahawa, magadi na vidonge vya vitamini. Kahawa ya nani? Na vitamini, si ni za mwanamke mjamzito? Hakumsemesha. Alirudi kazini akiwa amechanganyikiwa, na huko bosi wake, Phyllis, akamkumbusha kwamba mchana atapiga simu kutaka jibu kama atahamia tawi la Murang'a. Asipopokea, kazi ni ya mwenzake Lynn. Jana Nyawira angekataa kwa ajili ya Wandera. Leo hakujua amkatalie nani.

Mchana akaenda kwa Wandera, mtaani Ruring'u, kugombana. Wandera akamvuta ndani na kufunga mlango haraka. Blanketi dirishani, balbu nyekundu moja, na harufu ya kahawa iliyochacha.

"Huyo mwenye kunywa kahawa yako ako wapi?"

Wandera hakucheka. Akaeleza kwamba dawa ya kuoshea picha haiji tena, kampuni iliacha kuitengeneza, kwa hiyo huchanganya kahawa, magadi na vitamini. Karatasi nyingi zimeharibika, akaona aibu kusema. Iliyo ndani ya trei ya maji ya dawa, pale mezani, ndiyo ya mwisho.

"Tikisa, lakini pole pole," akamwambia.

Nyawira akajikuta anatikisa, asijue ameanza vipi kutii. Kwenye karatasi kikatokea kivuli, kisha meno, kisha yeye mwenyewe, mdomo wazi, ameshika meza.

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe unauza picha za dakika moja. Ungeniona mjinga."

"Hata sasa nakuona mjinga."

Simu ikalia mfukoni mwa Nyawira. Mkono ukaenda wenyewe.

"Usiitoe. Mwangaza wake utaichoma picha."

"Ni bosi, Wandera. Wananitaka Murang'a, na nisiposhika, wanampa Lynn."

Nyawira hakuwa amemwambia habari hiyo hata siku moja. Wandera akaitazama trei.

"Basi shika," akasema. "Hii ni karatasi tu."

Nyawira alitaka kulia na alitaka kumpiga. Hakujua kama anapoteza kazi au anapata mume. Simu ikazidi kulia.

"Kesho tunaenda Gakindu," akasema, mikono ikiwa bado kwenye trei. "Utakunywa kahawa ya mama, hata ikikuchoma."

"Nitakunywa."

Simu ikanyamaza.