Uso wa Kuazima

Mwalimu Praxeda alipotoka baharini, nguo zake zilikuwa kavu.

Wenzake wote walikuwa wameloa mpaka kifuani, kwa sababu hakuna binadamu anayepiga kafi kutoka Fungu la Mwanamize, lile tuta la mchanga katikati ya bahari, hadi Raskazone, upepo ukimchapa ubavuni, akafika mkavu. Walikuwa na chumvi kwenye nyusi na mikono inayotetemeka. Yeye aliivuta kayaki yake juu ya mchanga kwa mkono mmoja, akaketi kwenye benchi nje ya ofisi, akaweka viganja magotini. Hakuomba hata maji.

Nasma ndiye aliyeona. Anold hakuona, kwa kuwa Anold hakuwa na mazoea ya kumtazama mtu yeyote asiyekuwa yeye mwenyewe.

"Si nilisema?" aliguta kwenye kipaza sauti, ingawa watu walikuwa mbele ya pua yake. "Anayechelewa atatukuta. Bibi huyo hapo, katukuta. Mlitaka tukeshe baharini kwa ajili ya mtu mmoja?"

Mzee mmoja wa kiume alitema mate mchangani akaenda kutafuta viatu vyake.

Anold alikuwa mtu wa Muheza, kijana wa Kibondei mwenye mabega mapana na miwani myeusi ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. Alijifunza kuendesha kayaki kwenye hoteli moja ya watalii Pangani, akafukuzwa kabla hajamaliza kujifunza, na tangu hapo akajipa cheo cha Kiongozi. Alikodi gereji ya nyumba moja ya zamani ya Wajerumani pale Raskazone, akaifanya ofisi, akapaka ukuta rangi ya bluu, akaanza kupeleka vikundi vya watu baharini. Bahari aliijua kama nzi anavyoijua chai, yaani kwa kutua juu yake.

Aliyeijua kazi ni Nasma, aliyesomea uokoaji na ambaye Anold alimwajiri ili awe na mtu wa kumpiga picha. Jioni ya kuamkia safari ile Nasma alikuwa amemwambia, "Kesho ni bamvua, maji yatajaa na kupwa kuliko siku zote. Maji yakianza kurudi, mkondo pale kati ya fungu na mikoko utakuwa mkali. Mmoja wetu atangulie, mmoja akae nyuma kabisa, na kundi zima liende kwa mwendo wa yule aliye mzito kuliko wote. Ndivyo inavyofanywa."

"Nyuma ni pa mchunga mbuzi," Anold alijibu. "Wewe utakaa ubavuni kwangu. Na simu uichaji, picha za juzi zilikuwa na giza."

Basi walikwenda hivyo, kama mbuzi wasio na mchungaji. Mwalimu Praxeda, mstaafu wa mtaa wa Usagara aliyefundisha hesabu maisha yake yote na ambaye magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, alibaki nyuma kwenye mkondo. Nasma aliisikia sauti yake ikija juu ya maji, "Kiongozi, nisubirini! Kiongozi!" Akageuza kayaki. Anold akamwamuru arudi mstarini, watu watataharuki. Na Nasma, aibu iwe yake, alirudi. Alipotazama tena nyuma hakuiona ile kofia nyekundu ya Mwalimu. Kisha, kitambo kidogo baadaye, akaiona, karibu mno, ikija dhidi ya mkondo bila kishindo, kafi likiingia majini na kutoka bila kudondosha tone.

Alishukuru Mungu. Alikuwa bado anashukuru pale ufukweni, simu yake ilipolia kwa namba asiyoijua.

"Nasma, mwanangu," ilisema sauti iliyopwelea. "Mimi Mwalimu Praxeda. Niko Mwambani. Wavuvi wamenitoa kwenye mikoko, nilikuwa nimeshikilia mzizi. Hii ni simu yao. Mwambie huyo mwanaharamu wenu kwamba sijafa."

Nasma aliinua macho akatazama benchi.

Yule aliyekaa pale, mwenye kofia nyekundu na uso wa Mwalimu Praxeda, na ile alama ya kuungua kidevuni, alikuwa anamtazama bila kupepesa. Akainama kidogo, kama mtu anayetaka kumtolea mwenzake siri.

"Usikate simu," alinong'ona. "Msalimie."

Nasma alipiga yowe. Watu walipogeuka benchi lilikuwa tupu, wala kayaki aliyoivuta haikuwepo mchangani, na juu ya benchi ilibaki harufu ya udi uliofukizwa juu ya mwani uliooza, tamu na chafu kwa pamoja, na mama mmoja akaziba pua kwa khanga bila kujua kwa nini.

Anold alisema ni jua. Alisema wanawake wakikosa chai asubuhi huona mambo.

Tangu siku hiyo yule mgeni mwenye uso wa kuazima akawa mfanyakazi wa tatu wa ofisi ile. Alikuja alasiri, kivuli cha ukuta kilipolifikia benchi. Wateja wapya walimwona, wakamsalimia shikamoo kwa heshima ya mvi zake, na yeye akawaitikia marahaba kwa sauti nzuri ya ualimu. Kisha Anold alipoanza hotuba yake ya kabla ya safari, kutoka nyuma ya kundi sauti ile ile ikawa inaifuata, neno kwa neno, kwa upole wa kudharau. "Msiogope, mko na Kiongozi." Mko na Kiongozi. "Jaketi si lazima kulifunga, linabana." Si lazima kulifunga, linabana. Na kicheko kidogo. Watu walijikuta wanasikia kwa mara ya kwanza upumbavu wa maneno yale, wakaanza kuaga mmoja mmoja, kila mtu kakumbuka ana mgonjwa nyumbani.

Anold alijifanya hasikii. Alifanya hivyo mpaka maghribi moja umeme ulipokatika, naye yuko peke yake ndani ya gereji akitafuta funguo za pikipiki, na kayaki zote zimepangwa kifudifudi kwenye chanja zao, akasikia mtu anagonga. Kwanza alidhani ni mlangoni, akaenda akafungua, nje hapakuwa na mtu ila bodaboda iliyopita mbali, akarudi, na kugonga kukaendelea, taratibu, kwa kiganja cha mkono, kukitokea ndani ya kayaki iliyolala chini kabisa, ile nyekundu aliyopewa Mwalimu, ambayo wavuvi wa Mwambani waliirudisha ikiwa imepasuka na ambayo hakuna mtu mzima angeweza kujikunja akaenea ndani yake, na maji yakaanza kuvuja chini ya ukingo wake yakitandaa sakafuni kuelekea viatu vyake, ya moto kama ya kuogea, na ndani ya yale maji, si ndani ya kayaki tena bali ndani ya maji yenyewe, chini ya nyayo zake, sauti ya bibi ikasema kwa kunyenyekea, "Kiongozi, nisubirini. Kiongozi, mbona mnakwenda?"

Alikimbia mpaka barabarani. Miwani ilianguka na hakurudi kuiokota. Mabega yale yote mapana, na suruali imeloa mkojo.

Kwa kuwa aliona haya kumweleza mchungaji wa kanisa lake, alimtuma Nasma amtafutie mganga. Nasma akamleta Maalim Luqmani, mtu mfupi wa Usagara mwenye chuo cha Kurani nyuma ya nyumba yake. Maalim alifukiza ubani, akasoma. Kutoka kwenye benchi yule mgeni akaitikia "Amina" kila mahali panapostahili, kwa tajwidi safi ya msomaji wa Kurani.

Maalim alifunga kitabu chake, akamvuta Anold pembeni.

"Huyu ni wa fungu," alisema kwa sauti ya chini. "Yuko pale tangu kabla ya babu zetu. Hana ugomvi na dini yako wala yangu. Uliacha mtu nyuma, ukasema atakayechelewa atawakuta. Yeye akauona uso umetupwa baharini hauna mwenyewe, akauvaa, akawakuta. Kosa lake liko wapi?"

"Sasa nifanye nini, Maalim?"

"Mwenye uso aje audai. Wewe kazi yako ni kwenda kumbembeleza. Mimi kwa hilo sina dawa."

Mwalimu Praxeda alikuwa anachagua mchele barazani Anold alipofika na Nasma. Alikuwa na kovu jipya viganjani, la mizizi ya mikoko.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Anold.

Mwalimu aliendelea kuchagua mchele.

"Nimekuja kuomba radhi. Ile siku hali ya hewa iliharibika ghafla, na watu wengine walikuwa..."

"Nasma," Mwalimu alisema, "huyu anaongea na nani?"

Nasma ndiye aliyemweleza yote, kuanzia benchi mpaka maneno ya Maalim. Bibi alisikiliza, akasikiliza, ungo umesimama mapajani. Aliposikia kuhusu alama ya kidevuni aliweka ungo chini. Akainuka, akajifunga kitambaa, akachukua rozari kwenye msumari.

"Sikuja kwa ajili yako," alimwambia Anold walipofika Raskazone, na hayo ndiyo maneno pekee aliyopata kumwambia. "Wewe ungeliwa mzima ningepika pilau."

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mji. Yule mgeni alikuwa mahali pake, viganja magotini. Mwalimu alikwenda akasimama mbele yake, na wakawa wawili, uso kwa uso, mvi kwa mvi, na Nasma akahisi kichwa kinazunguka kama mtu aliyetazama kisimani.

"Hiyo alama," Mwalimu alisema, "niliipata jikoni kwa mama yangu nikiwa mtoto. Wewe uliipatia wapi?"

Mgeni aliigusa alama kwa kidole.

"Nakuuliza! Una mama wewe? Umeungua lini? Umekaa baharini miaka na miaka, huna hata uso wa kwako, unasubiri vizee wapitwe na wenzao uwaibie. Huna haya! Nirudishie. Huyo si wewe. Huyo ni mimi."

Sauti yake ilikuwa inapasuka kwa hofu, kila mtu aliisikia, lakini hakurudi nyuma. Na ule uso mbele yake ukaanza kulegea. Kwanza alama ikafutika, kisha mikunjo, kisha macho, mpaka chini ya kofia kukabaki kitu laini na cheupe kama tumbo la samaki, na kutoka kwenye kitu hicho ikatoka sauti isiyokuwa ya bibi wala ya mtu.

"Huu una mwenyewe," ilisema. "Nitatafuta mwingine, ambao hautadaiwa na mtu."

Upepo ukapita. Benchi likawa tupu. Mwalimu alikaa chini mchangani akalia, na Nasma akamshika.

Anold alipumua. Akatabasamu. "Mnaona?" alisema. "Ni mambo ya kusimamia tu vizuri."

Jumamosi iliyofuata alipeleka kundi jipya kwenye fungu lile lile. Safari hii Nasma alikataa katakata kukaa ubavuni kwake. Akakaa nyuma kabisa, akahakikisha kila jaketi limefungwa na kila mtu ana filimbi shingoni. Anold, kwa hasira ya kubishiwa mbele ya wageni, alichapua kafi akawaacha wote, akaenda zake peke yake mpaka akawa doa la manjano, kisha doa likapotea nyuma ya fungu.

Walikuwa katikati ya mkondo alipowarudia.

Nasma alimwona anakuja, kayaki ya manjano, mabega mapana, bila miwani. Tangu amjue alikuwa hajawahi kuona Anold anarudi nyuma kwa ajili ya mtu. Huyu alisimamisha kayaki kando ya binti mmoja aliyekuwa amechoka, akamwonyesha namna ya kupumzisha mikono, akamwambia pole. Akalikusanya kundi. Akasema bahari inachafuka, wageuze, na waende pole pole kwa mwendo wa yule binti. Hakupaza sauti hata kidogo. Watu walitulia kama watoto walioshiba.

Kutoka upande wa fungu, ambalo maji yalikuwa yameanza kulimeza, ikalia filimbi.

Ililia tena. Mtu alikuwa amesimama kule, maji ya magotini, anapunga mikono yote miwili.

"Kuna mwenzetu kule?" aliuliza yule binti.

"Nitamwendea mimi," alisema yule mwenye kayaki ya manjano. Akamgeukia Nasma. Macho yake yalikuwa mazuri, yenye huruma, na hayakupepesa. "Dada Nasma, wewe shika kundi. Au kuna unayemdai kule?"

Harufu ya udi ilikuja juu ya maji, na chini yake mwani uliooza.

Nasma alitazama fungu. Alikuwa na kundi mkononi, mkondo unakaza, binti amechoka, na kila alichosomea kilimwambia usiliache kundi. Lakini alijua pia kwamba neno moja lingetosha, jina tu, kulitamka kwa sauti, kusema yule kule ndiye, huyu siye, na koo lake lilikuwa na pumzi ya kulisema. Akamkumbuka Mwalimu ameshikilia mzizi. Filimbi ikalia, ndefu, inakatikakatika.

"Sina," alisema Nasma.

Akaligeuza kundi kuelekea Raskazone. Kabla hawajafika nusu ya njia filimbi ilinyamaza, na muda si mrefu kayaki ya manjano ikawa nyuma yao, kimya, mahali pa mchunga mbuzi.

Siku hizi kampuni ile inasifiwa mji mzima. Hakuna aliyepotea, hakuna aliyeumia. Juzi mama yake Anold alikuja kutoka Muheza na kapu la machungwa, akamkuta Nasma anakunja majaketi, akamshika mikono yote miwili huku machozi yanamlengalenga.

"Sijui mmemfanya nini, binti yangu," alisema. "Ananipigia simu kila jioni. Ananiuliza nimekula nini. Kwa miaka yote nimemwombea huyu mtoto, na sasa Mungu kanisikia. Mwanangu amekuwa mtu."

"Ndiyo, mama," alisema Nasma.