Kisanduku cha Saba

Saa nne kamili asubuhi Mkuu wa karakana alifungua chumba cha kompyuta, alichokifunga mwenyewe alfajiri ili asiingie mtu. Kwenye skrini, visanduku sita kati ya saba vilionekana hai. Cha saba kilikuwa kimya.

Vilikuwa visanduku vya redio vinavyotumia jua na kupokezana ujumbe, vilivyokusudiwa zahanati za milimani. Kwa siku nne, juu ya paa la karakana, paneli zake zilifunikwa magunia hadi betri zikakata roho. Saa moja asubuhi magunia yaliondolewa, likabaki swali moja: vitaamka bila mkono wa mtu? Mkuu alikuwa ameapa kwamba hata kimoja kikishindwa, saa sita angerudia visanduku vya zamani, na Kitinda, binti aliyebuni hivi vipya, angefungasha virago.

Kitinda alipanda paani pamoja na mtunza stoo, Bi Kufuli, mama aliyewahi kufuatilia bisibisi moja iliyoibwa kwa wiki tatu, akaipata. Walikuta kisanduku kimefunguliwa na waya wa betri umechomolewa. Ncha zake zilikuwa zimefungwa tepu nyeusi, na mwisho wa tepu umekunjwa kama sikio dogo.

"Kuna mtu ananionea wivu," Kitinda alisema.

"Wivu humu ndani haujawahi kuadimika, mwanangu. Tutafute huu ni wa nani."

Kila kisanduku huandika jirani kinayemsikia, na saa. Kitinda akasoma kumbukumbu za cha sita: cha saba kilisikika saa tatu na dakika ishirini, kikanyamaza saa tatu na dakika thelathini na mbili. Kumbe kiliamka vizuri, kikanyamazishwa. Mkuu akatikisa kichwa, akasema maandishi huchezewa na yeye anataka mtu.

Macho yalimwangukia mlinzi, kwa kuwa magunia yalikuwa yake ya kukalia na alishanung'unika siku nne mfululizo. Lakini kuanzia saa tatu hadi saa nne alikuwa getini akishusha mabomba, na Bi Kufuli mwenyewe ndiye aliyekuwa akiyahesabu.

Akabaki Profesa, mhandisi aliyetangaza mbele ya watu kwamba visanduku vya Kitinda vikiamka atanyoa nyusi. Bi Kufuli alimkuta akiparura roli ya tepu kwa kucha, akitafuta mwisho wake na kulaani aliyeitengeneza. Alikiri kwamba wivu ulikuwa unamtafuna. Ila saa ile ya waya, alisema, alikuwa akibishana na Mkuu ofisini, na Mkuu akathibitisha.

Dada yake Kitinda, fundi mkuu, alimletea mdogo wake kiti na maji. Ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, akamfundisha kushika bisibisi. Visanduku vya zamani vilikuwa vyake, vile ambavyo vikizimika lazima mtu apande mlingoti akabonyeze kitufe. Alisema asubuhi yote alikuwa peke yake kwenye meza ya kuunganisha, na kwamba angekuwa yeye, angembana Profesa.

Saa tano na nusu Bi Kufuli aliwaita wote stoo, akaweka roli tano za tepu juu ya meza.

"Nne zimerudishwa mwisho wake umepotea. Moja ina sikio. Nani aliirudisha, Dada?"

Dada aliichukua roli ile. "Mimi."

"Wengine wangeuacha waya wazi. Wewe mkono wako umekataa."

"Ukifunga, mfikirie atakayefungua," Kitinda akasema polepole. "Ulinifundisha hivyo, Dada. Nikadharau, sikunji hata leo."

"Zamani watu walikuuliza kama wewe ni mdogo wangu," Dada alisema. "Siku hizi wananiuliza mimi kama ni dada yako. Nilimshika mkono mtoto, mtoto akanipita, na mimi nikatabasamu miaka miwili. Niliona wivu, mdogo wangu. Niliona wivu hadi nikashindwa kula."

Mkuu akamwomba Dada funguo za karakana, naye akazitoa.

Kitinda alipanda paani peke yake. Alilishika lile sikio la tepu, nalo likabanduka mara moja, bila kuparura wala kukata. Alirudisha waya mahali pake, akafunga kisanduku, akashuka bila kubonyeza chochote. Saa tano na dakika hamsini neno "Nipo" likatokea kwenye kompyuta, na Profesa akapapasa nyusi zake.

Dada alikuwa bado mlangoni, mkoba begani.

"Kimechukua muda gani?" akauliza.

"Dakika nne."

Dada alitikisa kichwa taratibu kukubali, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Changu mpaka sasa kingekuwa kinangoja mtu," akasema, akatoka.