Chumvi Kiduchu

Foleni ya dukani ilikuwa imejipinda kama utumbo. Katikati alisimama dada mwenye koti jeupe la maabara na viatu vyekundu, amekumbatia mifuko ya chumvi.

"Dada, chumvi yote hiyo, unamkausha nani?" akauliza fundi friji nyuma yake.

"Wanaume wenye domo."

Fundi akafa palepale, akazikwa, akafufuka akaomba namba ya simu.

Wakapendana. Yeye akawa Barafu, dada akawa Bi Chumvi. Maabarani, Bi Chumvi alimwonyesha viroboto wa maji, vindugu vya uduvi visivyozidi punje ya mchele, kila kimoja na chupa yake, kila chupa na chumvi yake.

"Ni wa maji baridi hawa."

"Kama mimi, roho yangu!"

"Nyamaza wewe. Chumvi nyingi inawaua. Ila chumvi kiduchu ndiyo yenye roho mbaya. Kiroboto hafi. Anaogelea, anakula, anapendeza. Hazai tu."

"Na ukimrudisha kwenye maji yake?"

"Pengine anazaa. Pengine ndo basi."

Barafu hakucheka. Mfukoni alikuwa na majibu ya hospitali: hatapata mtoto maishani.

Jioni moja, sebuleni kwa Bi Chumvi, akajikaza akamwambia. Bi Chumvi akamshika mkono. Kabla hajafungua mdomo, simu ikaita, bosi wake. Akaingia jikoni kupokea, na sauti ikapenya mlangoni:

"Huyo? Hajazaa, na hatazaa. Wa nini tena? Kesho namwaga."

Namwaga, alisema. Sikio la Barafu, lililokuwa na kidonda, likaongeza M yake moja: *nammwaga*. Bi Chumvi aliporudi, kiti kilikuwa bado cha moto na mlango uko wazi. Simu ya Barafu haikupatikana tena. Alikwenda mji mwingine, akatengeneza friji za watu, akala, akalala, akazeeka kidogo.

Siku aliporudi kumwona mama yake, akapita dukani. Foleni ileile. Viatu vilevile vyekundu, vimepauka.

"Barafu! Uliyeyukia wapi?"

"Ulisema unanimwaga."

"Lini?"

"Jikoni. 'Hajazaa, kesho nammwaga.'"

Mifuko ikamponyoka. "Chupa, Barafu! Namwaga chupa! Nilikuwa nazungumzia kiroboto!"

Wakacheka mpaka foleni ikageuka. Kicheko cha Bi Chumvi ndicho kilichokatika kwanza.

"Nilikuwa narudi sebuleni kukwambia tuishi hivyohivyo, wawili. Basi."

"Tuishi sasa, mpenzi."

"Nimeishi, Barafu. Nimekula, nimevaa, nimependeza. Humu moyoni ndimo mlimogoma."

"Na ukirudishwa kwenye maji yako?"

Akamtazama kama anavyotazama chupa.

"Ndo basi," akasema. Ile *pengine* hakuitia.

Akaokota mifuko yake, akalipa, akatoka. Muuzaji akaita anayefuata. Barafu akasogea mbele, mikono mitupu.