Kahawa ya Nyirabageni

Upepo wa alasiri ulikuwa ukiitikisa migomba yote ya kijiji cha Kihanga, isipokuwa ya kibanja kimoja. Rukia alisimama njiani akatazama. Kushoto majani yalipigana kama kanga kwenye kamba, na kulia vilevile. Pale katikati hakuna jani lililocheza, na kutoka ndani ilikuja harufu ya kahawa inayochemshwa pamoja na majani ya porini.

Alikuwa bado mgeni. Walihama kutoka Tanga mjini, yeye, dada yake Mwaja na shemeji yake Ilyas, aliyefungua duka la vitenge pale senta. Kila mchana Mwaja aliporudi kutoka dukani kumnyonyesha mwanawe Saleh, Rukia alipata nafasi ya kutoka, akatembea kwa miguu popote njia ilipompeleka. Alishaijua njia ya kisimani, njia ya kanisani na ile ya mashine ya kukoboa kahawa. Hakuwa akitafuta kitu. Alitembea ili asimsikie dada yake akimbembeleza mtoto.

Hapo ndipo palipomuuma. Baba yao alipofariki, Rukia akiwa kidato cha pili, Mwaja alimwapia, "Mdogo wangu, nitakurudisha shule." Kisha akazaliwa Saleh, akatakiwa mtu wa kumlea. Zamani Mwaja akisema "mpenzi wangu", aliyeitika ni Rukia. Siku hizi akigeuka, alikuta anaitwa mwingine, asiye na jino hata moja.

Basi akaingia kwenye kile kibanja.

Msichana wa rika lake alikuwa amekaa mbele ya nyumba ya nyasi, chungu kikichemka kando yake.

"Karibu, mgeni," alisema. "Nakuona ukipita kila siku. Nikawa najiuliza, huyu atakuwa wangu lini?"

Mtoto wa pwani hufundishwa mapema kwamba jini hujulikana kwa kwato. Rukia akamtazama miguu. Ilikuwa miguu ya mtu, visigino vimepasuka na kuingia udongo mwekundu. Moyo ukatulia. Akakaa.

"Mimi Nyirabageni. Na wewe unamlilia nani?"

"Silii."

"Unalia, ila machozi yako yanaingia ndani."

Hakuna aliyewahi kumwambia Rukia neno kama hilo. Akafunguka, akasema yote, ya shule na ya Saleh. "Yule mtoto kanimalizia dada. Sina mtu."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Nyirabageni akachuma tunda la kahawa, akalipasua kwa ukucha. Ndani punje mbili zilikuwa zimekumbatiana. Akakishika kidole cha Rukia kana kwamba anakisifia, na ukucha uleule ukakichoma. "Aa! Samahani, shoga, kucha zangu hizi!" Akacheka. Tone la damu likadondokea punje moja. Akajichoma na yeye, akailowanisha ya pili, akampa Rukia.

"Nyingine huwa tunatafuna. Hii meza."

Rukia alijua kwamba huku mgeni hukaribishwa kwa kahawa. Bibi Auleria, mama mwenye nyumba wao, alimpa za kutafuna siku ya kwanza, zimefungwa kwenye jani la mgomba. Kukataa ni tusi. Akameza.

"Sasa una mtu," alisema Nyirabageni, naye akimeza ile yenye damu ya Rukia. "Na mimi ninaye. Mmoja tu."

Jioni hiyo Saleh alikataa ziwa.

Kesho yake alikataa tena, mwili ukawa wa baridi kama mtungi. Hospitalini wakapima malaria, hawakuona kitu. Siku za mwanzo, Mungu amsamehe, Rukia aliona raha kidogo, maana Mwaja kwa hofu yake alimshika mkono na kumwita mpenzi wangu. Na kila alasiri alikwenda kwa Nyirabageni akasukwa nywele, wakacheka, akarudi ananukia moshi.

Kisha akaanza kusikia harufu ya kahawa kwenye pumzi za mtoto.

"Dada," alinong'ona, "mbona anatazama mlango?"

"Nyamaza, Rukia."

"Hapepesi macho, dada."

"Nimesema nyamaza! Unataka aingie?" Mwaja akajiziba mdomo, kwani hata yeye hakujua amemaanisha nani.

Jioni moja jua lilikuwa halijazama. Rukia alimpakata Saleh ili dada yake akatawadhe, na mtoto, ambaye tangu asubuhi hakuinua hata shingo, akakishika kidole chake, kilekile chenye kovu la ukucha, akakibana kwa nguvu zake zote zilizobaki, na hapo Rukia akahisi kitu kikipasuka kifuani na kummwagikia huyu mdogo asiye na jino, akambusu paji la uso, na mara hiyohiyo majani ya mgomba nje ya dirisha yakanyamaza, kuku wakanyamaza, redio ya jirani ikanyamaza, harufu ya kahawa ikajaa chumba mpaka macho yakawasha, na nyuma ya pazia, karibu kabisa, sauti ya msichana aliyeumizwa ikasema:

"Uliniambia huna mtu."

Alfajiri Rukia alikuwa jikoni kwa Bibi Auleria, aliyekuwa akimenya ndizi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekauka hivyo?"

Alipomaliza kueleza, kisu cha bibi kilikuwa kimesimama.

"Nyie watu wa pwani humeza chochote mnachopewa? Hiyo si kahawa ya mgeni. Hiyo ni omukago, udugu wa damu. Wazee waliufanya na mtu waliyemjua mpaka kaburi la babu yake. Wewe umeufanya na kitu ambacho hata njia ya kwake sisi tunaikwepa!"

"Nitaitapika."

"Huwezi. Padri atakuombea, shehe wenu atakusomea, lakini ulichomeza kwa hiari hakitoki kwa kukemewa." Bibi akashusha sauti. "Ila omukago una sheria. Ndugu akiomba, hanyimwi. Nenda ukamwombe mtoto. Hawezi kukunyima. Na wewe, akiomba, huwezi kumnyima."

Rukia alikwenda mchana kweupe. Nyirabageni hakumkaribisha. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umembusu."

"Ndugu yangu, nakuomba. Mwachie Saleh."

Chungu kikaacha kuchemka, ingawa moto uliwaka. "Nimemwachia," alisema mwishowe, akiuma meno. "Nami naomba. Alasiri zako zote ni zangu. Na moyoni mwako usimweke mwingine."

"Sawa," alisema Rukia.

Aliporudi alimkuta Saleh akinyonya kwa pupa, na Mwaja analia kwa furaha. "Njoo umshike, mpenzi wangu!" Rukia akarudisha mikono nyuma. "Ana jasho," alisema, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo hakumpakata tena. Mwaja alipomtafutia nafasi ya shule akakataa, kwa kuwa shule hutoka alasiri. Watu wakasema msichana wa Tanga ana kiburi. Yeye alikwenda kwenye migomba isiyotikisika akasukwa nywele, na taratibu, kama mtu anavyozoea chumvi kidogo kwenye mboga, akazoea.

Msimu wa kahawa uliofuata ilihamia familia nyingine ng'ambo ya barabara. Binti yao alipenda kutembea. Rukia alimkuta amesimama njiani, kavaa sare ya shule yenye mikunjo mipya ya pasi, anatazama kibanja.

"Dada, habari za saa hizi? Kahawa inanukia vizuri! Pale anakaa nani?"

Rukia akafungua mdomo amwambie akimbie. Kabla neno halijatoka, sauti aliyoijua ikaita kutoka ndani, tamu kama siku ile ya kwanza, "Karibu, mgeni. Nakuona ukipita kila siku."

Haikumwita Rukia.

Yule binti akatabasamu, akaingia. Rukia akabaki njiani, na kilichompanda kifuani hakikuwa woga wala huruma. Kilikuwa kilekile cha zamani, cha siku alipogeuka akakuta anaitwa mwingine. Akaitazama ile sare ikipotea kati ya migomba.

Kisha akafuata nyuma, taratibu. Alikuwa na jambo moja la kumwomba ndugu yake juu ya msichana huyu, lilelile aliloombwa yeye, kwamba moyoni asimweke mwingine, na alijua hatanyimwa.