Dakika Hamsini Angani

Zipu ya sanduku ilipasuka katikati ya foleni ya uwanja wa ndege, nguo zikamwagika sakafuni, za ndani zikiwa juu. Mwenyewe alikuwa mwanadada fundi cherehani, amevaa gauni la kijani alilojishonea, lililomkaa sawasawa. Abiria walimpita kama hawakumwona. Mwanamume mmoja mwenye ovaroli ya buluu akapiga magoti, akalifunga sanduku kwa waya.

"Fundi wa nguo, zipu imekushinda?" alimtania alipoijua kazi yake.

"Mganga hajigangi. Na wewe fundi wa nini?"

"Wa ndege."

Wakapeana namba. Miji yao ilitenganishwa na milima. Kwa ndege ni dakika hamsini. Kwa basi ni siku mbili, na mgongo hukuuma wiki nzima. Mwanadada alikwenda huko kila mwezi kununua vitambaa, na sasa kila safari ilikuwa na mtu wa kumpokea. Siku zilizobaki zilikuwa za simu, za umekula mpenzi, na nimekula ila si kama ungepika wewe, na mvivu wewe. Fundi wa ndege yeye hakwenda kwao mwanadada hata mara moja.

Sababu aliificha kwa kila mtu. Alikuwa anaogopa kupanda ndege. Alizipenda zikiwa chini, zimefunguliwa matumbo, lakini hata aliyoitengeneza kwa mikono yake hakuthubutu kuipanda. Wenzake wangelijua hilo, wangemcheka mpaka astaafu.

Baba wa mwanadada akasema anataka kumwona huyo kijana. Jumapili ya kwanza fundi akasingizia zamu, ya pili kichwa. Kisha mwanadada akasikia kwa mfanyakazi mwenza wa fundi kwamba mafundi wa ndege husafiri bure. Akapiga simu.

"Unapanda bure, na huji?"

Fundi akaanza kuuliza habari za vitambaa.

"Una mke?"

"Sina."

"Basi mimi ndiye nisiyekutosha. Baba asipokuona Jumapili hii, usinipigie tena. Dakika hamsini tu, mpenzi. Foleni ya benki ni ndefu kuliko hapo."

Akakata, akalia juu ya kitambaa cha mteja.

Jumapili mchana mwanadada na baba yake wakasikia hodi. Alikuwa fundi, ndani ya suti ya kijivu, shati limelowa jasho, midomo imekauka. Alipopewa chai, kikombe kikawa kinagongana na kisahani.

"Kijana, mbona unatetemeka?" mzee aliuliza. "Unaniogopa mimi?"

"Hapana, baba. Naogopa kurudi."

Akaeleza yote, macho yake sakafuni. Mzee alicheka hadi akakohoa. Mwanadada hakucheka. Alikumbuka alivyomtukana moyoni majuma yote yale, akaona aibu, na pamoja na aibu akampenda kuliko jana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Fundi wa ndege anayeogopa ndege? Ungeniacha."

"Nilikuwa nakuacha kwa kutokuja kwako."

Fundi akaweka kikombe chini, akamgeukia mzee.

"Baba, nimekuja kuposa. Sikupanda kile kitu kwa ajili ya chai."

Mzee alimtazama binti yake, na jibu lilikuwa wazi usoni.

"Posa nimeipokea," alisema. "Sasa mwenye posa atarudije?"

"Nitakwenda naye," mwanadada alisema. "Nitamshika mkono mpaka ndege ishuke."

Mzee akafikiri kidogo.

"Mpeleke. Halafu urudi peke yako, ukae hapa mpaka siku ya harusi. Wewe ndege huogopi."